Kipande cha Mwisho

Wete, ukuta wa ghala umepakwa chokaa upya,
jenereta inakohoa nyuma ya choo cha skuli,
na miye kwenye mashine, mikono yanuka mafuta.
Wafungwa watatu walitoroka jela ya nchi za baridi
kwa kijiko walichokinoa miaka sita.
Mmoja alizama mtoni. Mmoja aliuzwa na shemejiye
kwa bei ya nyumbu.
Wa tatu alifika kwao usiku, akagonga,
mlango ukafunguka upana wa kiganja,
mwanga ukampasua uso nusu kwa nusu,

kisha ukuta mweupe.

Watu hawakuondoka.
"Aliyefungua ni askari," alisema Shaame Mbarouk,
aliyebeba funguo za jela miaka ishirini na mbili.
"Mtoro hurudi kwa mamaye. Sisi tulikuwa tukitangulia,
tunapewa na chai."
Maalim Khatib akadai hakuna aliyefungua:
yule mtu kafa zamani, kule kule mtoni,
na mlango ule wa kaburi, ndiyo maana hauna kitasa.
Vijana wakamcheka. Kitasa kilikuwapo, walikiona.
Hamadi wa baiskeli akataka arudishiwe robo ya kiingilio.

Bi Time hakusema kitu mpaka mikeka ikakunjwa.
Mumewe alichukuliwa na gari, mwezi mchanga,
kandambili moja ikabaki uani.
"Umeona," akanambia, "hakugonga mara mbili?
Mara moja tu. Basi ndani mna mtu
asiyelala."

Nikaitikia. Nikazima mashine.

Wallahi kipande cha mwisho nilikuwa nacho mfukoni.
Nilikikata mchana kwa mkasi wa cherehani,
nikasema kimeungua. Dakika mbili na ushei.
Unguja nilikwishakiona mara tatu,
na nilijua nani atakaa mkeka wa mbele.

Nikakitia kopo la biskuti, juu ya kabati.
Miaka thelathini nawasikia barazani
wakiumaliza mchezo upya, kila mtu na mlango wake,
nami nanywa kahawa yangu kimya
kama kadhi aliyeikalia hukumu.

Jana mjukuu kauliza, nikalishusha.
Kopo lilinuka siki. Nikakiinua kipande juani:
picha zimeliwa, zimegeuka rangi ya chai kavu, madoa,
pengine mkono, pengine mtutu,
pengine kanga iliyoanikwa.
"Babu, nani huyo?"
Nikafikicha macho. Ningeapa nakumbuka.
Nilichokumbuka ni asubuhi ya maziko ya Bi Time,
mwaka ule wa mvua zisizokatika:
tulipotaka kuufunga mlango wake
komeo halikusogea, kutu tupu,
na tundu lake ukutani jipya,
halijapata kuguswa.

Mtoto bado kaniinulia uso.