Mtungi wa Kilo Sita

Saa kumi na moja alfajiri, stoo yetu ya Pasua,
Elinami anautikisa mtungi karibu na sikio,
kichwa kainamisha kama anayeambiwa siri.
"Umo," anasema. "Nausikia unavyocheza.
Siku saba hizi unatufikisha na kuturudisha."

Ni mpishi wa mlimani, mwaka wa ishirini na sita huu.
Mimi mtunza stoo; geti la Machame
nimelifikia mara moja tu, kupeleka vitunguu vilivyosahauliwa.
Nani mimi wa kubishana na sikio lake?

Lakini Januari niliutikisa mimi.
Niliusikia ukicheza, nikaandika kwenye daftari *umejaa*,
nikatia saini yenye mkia mrefu.
Walipofika Karanga moto ukawa bluu, ukawa mdogo,
ukawa harufu tu.
Wageni walipewa biskuti na maneno mazuri.
Wapagazi walitafuna mchele uliovimba nusu,
na kijana Ndelakarisa akalala amekumbatia birika
lililokuwa na joto mchana.
Hakuna aliyenigombeza. Sufuria ilirudi
na wali mbichi umeganda chini, mweupe, mgumu,
nikaukwangua kwa kijiko siku mbili.

Sasa nina mizani. Ya kahawa,
mama aliinunua chama cha msingi kilipouza vyake;
alikuwa akisema mizani haina shemeji.
Shingoni mwa mtungi, chini ya rangi iliyobabuka,
kuna tarakimu zilizogongwa: saba nukta tatu.
Huo ni uzito wa chuma peke yake,
mtungi ukiwa hauna kitu wala haumdai mtu.
Naupandisha. Nasogeza jiwe, narudisha kidogo,
nangoja mkono wa mizani uache kusitasita.
Nane nukta mbili.

"Mizani yako imezeeka," anasema Elinami.
"Sote."
"Mimi nimesikia."
"Ulichosikia ni gramu mia tisa, kaka, zina kelele."

Basi nachukua birika la chai kabla halijatiwa majani,
nammwagia mtungi maji ya moto ubavuni, taratibu,
kama unavyomwosha mtoto anayeogopa sabuni.
Nahesabu hadi kumi.
Nampa kiganja chake kazi: "Anza juu, shuka."
Juu joto. Katikati joto.
Anashuka bado, vidole vyake vyenye alama za mafuta,
na uso wake unashuka navyo.
Karibu kabisa na kitako anasimama.
"Hapa," anasema. "Baridi inaanzia hapa."
Nachora mstari wa chaki. Chini ya mstari
vidole viwili, tena vyangu, si vyake.

Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa wote.
Hakuna aliyetufundisha jinsi kibaba kinavyoisha:
yai moja, uji mmoja, maji ya kunawa ya mgeni,
na chuma juu yake haibadiliki sura.

Elinami hajaondoa mkono.
"Na mimi nimwagie," anasema, "kifuani hapa,
tuone baridi yangu inaanzia wapi."
Anacheka. Kisha anakohoa, kikohozi kile cha Barafu
alichoshuka nacho Septemba.
Nilitaka kusema kitu. Nikamletea mtungi mwingine,
kumi na tatu nukta tatu, tuliousoma wote wawili,
yeye kwa sauti.

Gari likaondoka na masufuria yakigongana.
Mlima haukuonekana, wingu limeufunika hadi magotini,
na huko juu ya wingu kuna watu watakaotaka supu.

Nikaandika daftarini: *gramu 900, ubaki stoo*.
Nikafunga kichwa cha jiko juu ya mtungi ule,
nikawasha, nikajipikia chai ya tangawizi,
nikainywa nimesimama.
Kisha nikaupandisha tena kwenye mizani,
nikakata 900,
nikaandika 870.