Shimo Moja kwa Kila Mti

Mwezi wa tatu huku Beauce, theluji bado inafika magotini.
Usiku baridi huikunja miti kama ngumi,
mchana jua huikunjua, kidole kimoja kimoja,
na hapo ndipo maji matamu hupanda shinani.
Mimi sikuyajua haya. Nilichojua ni riba.

Nilikuwa na maduka mawili ya matairi, nikataka la tatu.
Nilikuwa na nyumba, nikataka nyingine ziwani,
na boti ya kuegesha mbele ya hiyo nyingine,
na farasi wa binti yangu, ambaye aliogopa farasi.
Benki ilinipa kalamu, nikasaini.
Benki ikaja kuchukua hata kalamu.

Ndivyo mimi Gaétan, mtu wa miaka hamsini na mitatu,
nilivyoajiriwa na Maëlle wa miaka ishirini na sita,
mwenye miti elfu moja na mia mbili
na glavu zilizoshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki.
Alinipa keekee, ndoo, na maneno manne:
shimo moja, mti mmoja.

Alipoondoka nilipiga hesabu, maradhi yangu ya zamani.
Mashimo matatu, ndoo tatu, mara elfu moja na mia mbili!
Nikauchagua mti mnene karibu na kijito
nikautoboa la pili, nikautoboa la tatu,
nikasimama kuzisikiliza ndoo zikilia
ti, ti, ti,
kama mtu anayesikiliza watu wakimsifu.

Alirudi jioni. Hakufoka.
Alivua glavu, akapitisha kidole juu ya gome:
"Kovu hili ni la mwaka niliozaliwa.
Hili, mwaka ule barafu ilipovunja nyaya za umeme.
Tazama, halijafunga bado."
Kisha akang'oa mirija yangu miwili
akaitia mfukoni, akaenda kupika.
Ningependa angenitukana.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini hakuna aliyeniambia
kwamba vibaba arobaini vikichemka hubaki kimoja.
Siku nzima ndani ya kibanda cha mvuke,
kuni baada ya kuni, nywele zikinata shingoni,
na karai halioneshi kitu ila maji yaliyochoka.
Mara ya kwanza nilipakua mapema:
chai isiyo na majani.
Mara ya pili nikasema, acha iwe nzito zaidi, zaidi kidogo,
na hilo *kidogo* likaunguza karai zima.
Nililisugua siku mbili. Maëlle aliniletea mchanga.
"Kuna nyuzi nne tu," alisema, "juu ya maji kuchemka.
Ya tano ni mkaa."

Sasa natazama kipimajoto kama nilivyotazama zamani
bei za hisa, ila huyu hanidanganyi.

Jumapili Coralie alikuja, binti yangu, bila kuvua koti.
Nilitaka kumpa kreti zima, na samahani nzima,
na miaka yote tisa, hapo hapo, mlangoni.
Nikajizuia. Nikamwaga kijiko kimoja juu ya theluji,
ikaganda kama utepe wa rangi ya kahawia.
Aliikunja kwenye kijiti, akala kimya.
Akauliza, "Kipo kingine?"
Nikamwambia, Jumapili ijayo.
Alicheka, kidogo. Nyuzi nne, nikahesabu.

Leo machipukizi yameanza kuwa mekundu.
Maji bado yanadondoka, na yangejaza ndoo nyingi,
lakini kuanzia leo yatakuwa machungu.
Nazishusha, moja moja, nazifunika.
Kwenye mti wa kijito nimekaa zaidi:
matundu mawili ya ziada, yamelowa, yananitazama.

Boti bado naitaka, sitamdanganya mtu.
Usiku mwingine naipaka rangi ya buluu kichwani.
Halafu nalala.