Kokoto za Mugaruka

Sikuanza kwa wema, niseme mapema.
Nilianza kwa hasira,
saa kumi za usiku, mvua imekatika,
na chini ya dirisha langu, kwenye mteremko wa Cimpunda,
mtu ameteleza tena.

Nilimsikia tu, sikumwona:
kandambili ikinyonywa na tope,
gunia likitua pu!
kisha kimya kile cha mtu anayejipapasa
kujua kama magoti bado ni yake.
Kisha tusi moja, la kikwao, kali kama pilipili.

Ni mama wabebaji. Hushuka Muhanzi gizani
kupokea mizigo ya maboti,
hupanda na unga wa muhogo, kamba imewakata paji la uso,
kilo hamsini
juu ya shingo ambayo Mungu aliikusudia shanga.

Na mimi nilikuwa silali tangu Buhendwa afariki.
Miezi saba.
Daktari alinipa vidonge vya kukata nusu,
mchungaji akanipa zaburi,
dada yangu Nsimire akanipa majani ya kuchemsha.
Nilivimeza vyote, hata zaburi.
Usingizi ulifika hadi mlangoni,
ukaona viatu vyake chini ya kitanda,
ukarudi ulikotoka.

Basi usiku ule nikachukua jembe la marehemu,
mpini unang'aa pale kiganja chake kilipozoea,
nikajifunga bulangeti, nikatoka,
nikachonga ngazi moja.
Moja tu. Upana wa wayo na nusu.
Nikaishindilia kokoto za Mugaruka,
anazozilimbikiza kwa nyumba asiyoijenga.
Hakuulizwa.
Nikasema: haya, sasa mkaanguke kwingine.

Kesho yake mvua tena.
Nikalala macho, nikingoja kishindo.
Nyayo zikaja. Zikasita.
Zikapata pa kukanyaga.
Na sauti gizani, si kwangu, kwa yeyote:
"Kumbe kuna mutu alitufikiria."

Nililala hadi jua likanikuta mdomo wazi.

Hesabu hii siwezi kuieleza.
Nilitoa robo saa na mawe ya jirani,
nikarudishiwa usiku mzima.
Mpe mhasibu karatasi hiyo, atasema hapa kuna wizi.

Ngazi ya pili niliichonga kujaribu kama ni bahati.
Ya tatu, mgongo ukaniuma maumivu mapya,
maumivu yenye sababu,
nikayapenda.
Ya tisa mvua iliikomba yote usiku mmoja,
nikakaa juu ya bidoni katikati ya tope
nikacheka,
mimi, ambaye kicheko changu nilidhani
kilizikwa katika mfuko wa koti la Buhendwa.

Lakini msinipambe.
Kilo bado ni hamsini.
Ngazi zangu hazikupunguza hata kijiko cha unga,
wala bei ya kupandisha gunia haikuongezeka hata faranga.
Na ziko Jumapili ninazoweka sahani mbili
kabla mkono haujakumbuka.

Alhamisi Mugaruka alikuja kudai kokoto zake.
Alisimama juu, mikono kiunoni, koo tayari kwa maneno.
Mama Cibalonza alikuwa anapanda,
kichwa kimeinama, anatafuta kila ngazi kwa kidole gumba
kama mtu anayesoma.
Mugaruka akasogea kumpisha.
Akakohoa. Akaniuliza kama nimeona mbuzi wake.
Hana mbuzi.
Asubuhi, lile rundo la kokoto
lilikuwa limehamia ubavuni mwa ua wangu.

Leo ni ya kumi na saba.
Tope lilikuwa zito, kandambili zangu zikakatika,
nikaingiza mkono chini ya kitanda
nikavitoa viatu vyake.
Vinanipwaya.
Nimevijaza matambara mbele.
Vinatosha kwa kazi hii.