Glasi ya Dirishani

Kila alfajiri nashuka nyuma ya tuta na glasi ya jamu,
lebo nimeibandua, picha ya chungwa haijatoka yote.
Nainama kwenye ukoka usiokauka hata Januari,
nakinga jasho la bwawa mpaka glasi ijae,
kisha naiweka dirishani, jua la Msongola liisome.

Mhandisi aliyenifundisha hakukaa hata nusu saa.
Alikuja na viatu vya mpira na haraka ya watu wa mjini.
"Mama Zamoyoni, tuta la udongo lazima livuje.
Yakitoka meupe, linatoa jasho tu.
Yakitoka kama chai ya maziwa, ujue linahama."
Linahama. Neno hilo aliniachia
pamoja na daftari, kalamu mbili,
na ahadi ya elfu arobaini kwa mwezi,
ambayo nayo ilihama.

Miaka sita naandika.
Kina: mita moja nukta mbili. Glasi: nyeupe.
Usukani wa lango umeng'olewa usiku, umekwenda kwa wauza chuma chakavu. Glasi: nyeupe.
Mzambarau umeota ubavuni mwa tuta, watoto wanaupenda,
mizizi sijui imefika wapi. Glasi: nyeupe.
Bwana Likwelile kanunua kiwanja kwenye mkondo wa kupunguzia maji,
kajenga ukuta, kaweka na geti. Nimemwambia. Ana hati.
Maji hayasomi hati. Glasi: nyeupe.

Jumanne ya wiki ya pili ya masika
niliiacha dirishani nikaenda kuchambua mchicha.
Niliporudi, chini ya glasi palikuwa na tope
jembamba kama ukucha,
limelala kwa adabu.

Nilipanda bodaboda mbili, glasi mapajani, kiganja juu yake.
Ofisini kijana alidhani nimemletea ukwaju.
"Andika barua," akasema, akaisogeza isilowanishe mafaili.
Nikamwambia, barua ndiyo hiyo.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Aliyesema hakuwa na nyumba chini ya tuta.
Sikujua, binti anayechimba visima vya watu,
alinikuta nimebeba saruji nusu mfuko, akanipokonya.
"Ukiliziba jicho hili, litafumbuka lingine usikoliona.
Maji yaache yapite. Wa kuzuiwa ni udongo."

Mchanga kwanza, kokoto juu yake, mawe juu ya kokoto.
Kokoto tulizikopa kwenye msingi wa madrasa,
ustadhi akihesabu ndoo, kisha akiacha kuhesabu.
Watoto wa darasa la tano walipokezana mawe
wakigombana nani kabeba kubwa.
Jioni akaja Likwelile, funguo za geti mkononi.
Akasimama. Akauliza, "Nivunje kiasi gani?"
Hakuna aliyemcheka.
Tulimpa nyundo, tukamwonyesha.

Usiku upande wa Kisarawe ukawa mweusi,
mvua ikashuka bila kubisha hodi.
Kwa tochi ya simu nilisoma mti wa kipimo:
mbili nukta moja. Mbili nukta nne. Mbili nukta saba.
Mti wenyewe unaishia tatu.
Nikawahesabu walioko chini: nyumba kumi na moja,
chekechea, mashine ya kusaga,
na mke wa Chambuso, mimba ya miezi minane,
ambaye alikataa kuondoka mpaka kuku wafungwe miguu.
Ukuta wa Likwelile ulikuwa ukiguna,
maji yakipita penye tundu lake kama ng'ombe wanaotoka zizini.

Sasa kumekucha. Mvua imekuwa manyunyu.
Tuta lipo. Linaonekana lilelile,
na hilo halinituliziki moyo,
maana hata jana lilionekana lilelile.
Nimekinga. Mkono unatetemeka,
na kila kilichomo kwenye glasi kinazunguka,
siwezi kujua ni tope au ni mimi.

Naiweka dirishani, nakaa chini.
Daftari liko magotini, tarehe nimeandika, kina nimeandika.
Baada ya hapo neno moja na nukta zake mbili,
karatasi inangoja nami nangoja kitue:
Glasi: