Homa ya Biwi

Mwaka jana nilimwaga samadi mbichi,
polo nne kutoka bandani kwa Faki Machano,
ikinuka hadi njia panda ya Kangagani.
Niliizungushia mibilingani yangu kama mtu atiaye chumvi
bila kuonja.
Siku ya sita majani yakakunja ncha.
Siku ya tisa, shamba zima rangi ya tumbaku.
Faki akasema: samadi ya kuku, Mkasi,
ina haraka kuliko wewe.

Mwaka huu nimejifunza kuilaza.
Chini makumbi, pumzi ipite.
Juu yake mabua ya mahindi, niliyoyakata kwa panga butu
vipande vya shibiri;
kisha samadi, pamoja na randa zake na manyoya;
kisha magome ya migomba, yenye kutoa maji kama yanalia;
kisha majani ya mpunga kutoka bondeni.
Pakacha tatu za kavu kwa moja ya samadi:
hesabu hiyo niliiandika kwa mkaa ukutani mwa jiko,
chini ya hesabu ya deni la dukani.
Nikanyunyiza maji. Ukikamua konzi moja
litoke tone, si zaidi.
Nikafunika kwa makuti. Nikachomeka mchi.

Ni mchi wa mama, uliopasuka kichwa
siku tulipotwanga kisamvu cha hitima yake.

Siku ya tatu niliuchomoa,
nikaugusa ncha kwa mgongo wa kiganja,
na mkono ukakumbuka kabla yangu.
Ndivyo nilivyomgusa mama paji la uso
usiku kumi na mmoja, Ramadhani ile,
mgongo wa kiganja, kisha shavu langu,
nikiomba joto lishuke.

Sasa nasimama alfajiri, kanga mabegani,
naomba joto lipande.

Likapanda.
Paka wa Bi Time akahamia juu ya makuti.
Shemeji yangu Shaame akapita na baiskeli:
"Mkasi, unapika jaa? Utapakua lini?"
Sikumjibu. Alifika kwenye kona, akarudi,
akatia mkono chini ya makuti,
akautoa upesi, akautazama
kama umesalimiwa na mtu asiyemjua.

Wiki ya pili mchi ukatoka baridi.
Baridi ile naijua.
Nilikaa chini, nikakaa mpaka jua likanipata.
Faki akaja na uma wa meno matatu.
Halijafa, akasema, limechoka kulalia ubavu mmoja.
Mgonjwa hugeuzwa.

Tukaligeuza. Ya nje ndani, ya chini juu,
utando mweupe kama majivu, majongoo yakikimbia hukumu,
jasho la Faki likitiririka likawa maji ya bure.
Sikumwambia kwamba mama hatukumgeuza vya kutosha.
Tulichelea kumuumiza.

Kesho yake mchi ulinichoma.

Leo siku ya sitini na kitu, nimeacha kuhesabu.
Nimetia mkono hadi kiwiko,
nimetoa kitu cheusi, chepesi, kinukiacho
kama msitu wa Ngezi mvua ikishakatika.
Humu hamna kuku, hamna bua,
ila unyoya mmoja uliokataa.
Ni baridi, na baridi hii siiogopi.

Miche iko kivulini, majani manne manne.
Shaame amenitilia pakacha mbili tupu mlangoni,
hajasema za nini.