Bwawa Kavu

Nilimwambia bibi harusi: shuka,
ngazi bado zinashika.
Nyevu akashuka na shela lake jeupe
hadi palipoandikwa *mita tatu*,
na maji hayakumlowesha hata ukucha.

Mlinzi alichukua mia tano, akatuonya kuhusu nyigu.
Wenye hoteli waliondoka usiku, alisema, funguo mlangoni.
Mimi nilifuata kuta:
samawati inayomenyeka kama kiazi cha kuchemsha,
jua linalodondoka kwenye matundu ya makuti.
Uchakavu, nilimweleza Ngumbao, hupendeza pichani.
Bwana harusi akacheka, akakung'uta suti.

Mamake Nyevu hakucheka.
Alipita nyuma ya baa na kikapu cha viatu vya akiba,
hakuuliza njia,
akausukuma mlango kwa nyonga
kama mtu aliyezoea kubeba mashuka kwa mikono miwili.

Nikamfuata. Chumba cha kufulia.
Misumari kumi na mmoja ukutani,
na juu ya mmoja, kwa wino uliofifia: JUMWA.
"Miezi mitatu ya mwisho," akasema, "sijalipwa mpaka leo."
Akajaribu bomba. Likakohoa vumbi.

Kamera ilikuwa shingoni. Niliiacha hapo.

Tuliporudi alishuka bwawani na goti lake bovu,
akainama nyuma ya binti yake,
akaukunja mkia wa shela pembe kwa pembe,
kama shuka la mgeni,
usije ukashika uchafu.

Hapo nikabonyeza.

Picha zile nyingine, mia mbili na ushei,
ni za ukuta.