Daftari Lake, Mwandiko Wangu

Malachy Devane hakuwahi kupanda farasi.
Naanza na hilo, maana magazeti hayakulijua.
Alipokuwa na miaka saba, punda wa baba yake,
yule wa kubebea udongo mweusi wa kuwashia moto
kutoka kinamasini,
alimpiga teke la sikio la kushoto,
na tangu siku ile upande ule wa dunia
ukawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mimi ndiye niliyemwandikia hesabu,
miaka thelathini na mmoja, kwa wino wa buluu.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
nilimwambia hivyo asubuhi ya kwanza, akacheka,
akanipa ufunguo na biskuti mbili.

Alitoka kaunti ya Mayo na sanduku la kadibodi
lililofungwa kwa kamba ya kufungia nyasi.
London alichimba mitaro, wakalala wanane chumba kimoja,
huyu akiamka kwenda zamu, yule anaingia
shuka lingali na moto wa mwenzake.
Akarudi na lori moja. Kisha malori arobaini.
Kokoto, saruji, barabara,
hoteli yenye ngazi za marumaru
ambazo mama yake alizipanda peku,
viatu mkononi, akiomba radhi kwa wapishi.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili:
*farasi jike, kijivu, goti la nyuma lina kasoro.*
Bei yake, nyumba tatu.
"Nyumba tatu, Malachy?"
"Nyumba, Attracta, hata uipigie kelele namna gani
haisogei."

Ungemwona uwanda wa Curragh, mvua ya mshazari,
mabwana wa ukoo na darubini zao,
wakimwita chini kwa chini mwana wa kinamasi.
Kengele ikilia, yeye aliupa uwanja mgongo,
akafumba macho, sikio zima akalitega nyasini.
Farasi wake alimjua kwa kishindo.
"Wa tatu," alinong'ona. "Wa pili. Sasa, mama, sasa!"
Watu walipopiga mayowe, yeye alikwisha kulia.
Kikombe cha fedha alikiweka jikoni,
akatilia vibanio vya nguo.

Kisha benki zikaanguka, moja ikiivuta nyingine
kama wapanda mlima waliofungwa kamba moja.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
na ukingo ulikuja na mfilisi kutoka Dublin,
kijana mpole, mafua yamemshika, viatu si vya matope.
Farasi arobaini na mmoja wakaenda mnadani
siku moja ya Oktoba.
Malachy alikaa ndani ya gari, sikio bovu dirishani.

Usiku ule aliniomba neno moja.
Mimi, ambaye senti haikuwahi kunipotea,
niliandika kuhusu yule wa kijivu:
*kifaa chakavu, hakina thamani.*
Wino uleule wa buluu.
Mfilisi akasoma. Akatazama nje,
ambako kifaa kilikuwa kinakula ua wa jirani.
Akanitazama. Akapenga kamasi,
akafungua ukurasa mwingine.

Malachy alikufa Februari, katika nyumba ya kupanga,
redio imewashwa, mbio za mahali fulani.
Waliokunywa mvinyo wake hawakulijua kaburi.
Sisi tulikuwa kumi na wanne, pamoja na padri.

Farasi yuko nyuma ya nyumba yangu.
Nina daftari lake: shayiri, dawa ya minyoo,
fundi wa viatu vya chuma, ambaye hunipunguzia.
Safu ya mapato naiacha wazi.
Jioni natoka na ndoo, nampa mgongo,
nafumba macho kama mjinga.
Anakuja. Nahesabu kwato kwenye matope:
moja, mbili, tatu,
na ile ya nne, inayochelewa kidogo.